Gershom na Ndia ya Mizinga

Gershom alipostaafu kazi ya kuendesha kreni bandarini, watu wa mtaa wa Shika Adabu, Likoni, ndio walioipata taabu yake. Miaka mingi alikuwa amekaa juu kule kwenye kijumba cha kioo, akiwaona wenzake wadogo kama siafu, hata akaamini kwamba mtu aliye chini hajui aendako mpaka aelekezwe. Siku alipoteremka kwa mara ya mwisho, akapewa saa ya ukutani na kupigwa picha na wakubwa, aliihamishia tabia ile mtaani. Ukitoka kwako kwenda dukani, Gershom alikwambia upite wapi. Wenye tuktuk aliwafundisha njia za mkato walizozaliwa nazo. Kuna bibi harusi mmoja aliyefika ukumbini pilau imekwisha poa, kwa sababu msafara wake ulifuata ushauri wa Gershom. Na yeye mwenyewe, umeme ulipokatika siku moja, aligonga mlango wa jirani kwa nguvu akitaka kujua kwa nini mkewe amemfungia nje. Hilo yeye hakulisimulia. Lilisimuliwa na wengine.

Mkewe Mueni, aliyeshona mashati kiwandani huko Changamwe mpaka macho yakachoka, alikuwa akisema kwamba afadhali mume anayewaelekeza wapita njia kuliko anayewafuata.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo Gershom hakulifanyia mzaha, nalo ni babu yake mzaa baba. Kyalo, ndilo jina lake, alichukuliwa kutoka Ukambani wakati wa vita vile vya kwanza vya Mwingereza na Mjerumani. Alibebeshwa mizigo mpaka pwani, kisha akapewa panga na sururu, akaambiwa yeye na wenzake wapasue barabara porini ya kupitishia mizinga. Aliporudi kwao aliihadithia barabara ile mpaka watu wakachoka. Alisema ilianzia baharini, ikaingia msituni, na penye tope walisimamisha mawe wima, yakabanana kama meno kwenye ufizi. Wasikilizaji wake hawakuwa wameiona bahari, sembuse barabara inayotoka humo. Wakampa jina la Nzia, yaani Njia kwa Kikamba, na kila alipotokea kilabuni wakamuuliza leo amefika wapi. Alikufa na jina hilo. Mwanawe, baba yake Gershom, aliona haya, akapiga marufuku habari za barabara nyumbani kwake. Gershom alizipata kwa kuibaiba, kwa bibi yake, jikoni.

Sasa, kando ya barabara kuu hapo Shika Adabu palikuwa na fundi viatu, Mwinyihaji, Mdigo wa kale wa Likoni, mwenye ulimi mkali kuliko sindano yake. Yeye na Gershom walikuwa watani. Mwinyihaji alishangaa mtu kukaa pwani miaka arubaini na bado akasema "kitu ingine". Gershom naye alidai kuwa watu wa Likoni huzungumza polepole hivi kwamba feri huenda ng'ambo na kurudi kabla sentensi haijafika mwisho.

Siku moja Gershom alipeleka viatu vyake vya ngozi vibandikwe soli. Akiwa anangoja, miguu peku juu ya gazeti, akajikuta anamsimulia Mwinyihaji habari za Nzia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mwinyihaji alimwacha amalize. Halafu akasema, bila kuinua kichwa:

"Ndia hiyo naijua. Yapita nyuma ya jiko la Zuleikha."

Gershom aliinuka juu ya gazeti. "Wewe ulijua hii maneno miaka yote na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe huulizi ndia, bwana. Wewe waonyesha."

Kumbe wazee wa utotoni mwa Mwinyihaji waliiita Ndia ya Mizinga, ndia kwao ikiwa ni njia. Walisema ilipanda kutoka ufuoni Likoni, ikakata Shika Adabu, ikaelekea milima ya Shimba na nchi ya mbele yake. Vita vilipokwisha wenyewe wakaiacha, mvua ikaitafuna, nyumba zikaimalizia. Mwinyihaji aliwahi kuchungia mbuzi juu yake. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya gundi, wala hakuona kwamba mwenzake ameacha kupepesa macho.

Kesho yake Gershom alitokea na kamba ya manila, mzigo wa vigingi, na helmeti yake ya manjano ya bandarini. Helmeti ndiyo iliyoharibu mambo. Laiti angevaa kofia ya kawaida, watu wangesema mzee wa watu ameanza kuchoka akili, wakamwacha. Lakini mtu mwenye helmeti akivuta kamba uani kwako, huyo ana aliyemtuma.

Zuleikha, mjane aliyekuwa akikaanga viazi karai vya kuuza, alimwona akipigilia kigingi karibu na jiko lake. Akamwamkia, akamuuliza kwa adabu kamba ile inapita wapi. Gershom, kwa furaha yake yote, akamwambia inapita pale pale alipo yeye na karai lake.

Adhana ya adhuhuri haijatoka, mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba serikali inaleta barabara nyingine na nyumba zitavunjwa. Watu walitoka nje. Kila aliyeulizwa alikana. Hapakuwahi kupita barabara hapo, si ya askari wala ya punda. Mzee mmoja aliapa kwamba kabla hajazaliwa pale palikuwa bahari tupu. Mwinyihaji, aliyekuwa shahidi pekee, alikuwa na kiatu kimoja cha haraka sana cha kumaliza na hakuweza kuinuka mezani. Gershom alijitetea mbele ya mzee wa mtaa, akasema yeye hatafuti kiwanja cha mtu, anatafuta historia tu. Neno hilo likawatisha zaidi, maana historia wanaijua: ndiyo iliyowahi kupita na mashamba ya babu zao.

Vigingi viling'olewa, vikaenda kuchemshia maharagwe.

Haikupita wiki, upepo ukageuka. Pakazuka mtu, hakuna ajuaye nani, akasema kwamba watakaopitiwa na barabara watalipwa fidia. Ghafla kumbukumbu za Shika Adabu zikafunguka. Zuleikha alifika kwa kina Gershom na sahani ya viazi vya moto, akasema, "Bwana Gershom, nimeulizia kwa wakubwa zangu. Haikupita jikoni tu. Ilipita na sebuleni." Jamaa mmoja wa uchochoro wa nyuma alirundika mawe uani kwake, akayapaka tope, akamwita Gershom aje ashuhudie maajabu. Yule mzee aliyeapa kuhusu bahari akakumbuka kwamba babake alikuwa akiisikia mizinga ikibingirika chini ya dirisha la chumba chake yeye, chumba kilichojengwa juzi juzi.

"Wallahi jeshi la Mwingereza lilikuwa na kazi," Mwinyihaji alimwambia Gershom. "Hakuna choo ambacho halikukipitia."

Gershom hakucheka. Barabara ya babu yake ilikuwa imekanwa mchana kweupe, na sasa imezaa watoto arubaini wa uongo, na kati ya hayo mawili hakujua lipi lilimuuma zaidi. Alikaa nyumbani siku kadhaa asimwelekeze mtu, hata Mueni akaingiwa na wasiwasi. Kisha akamwambia mkewe kwamba ameamua kwenda kuitafuta porini, ambako hakuna mwenye kiwanja.

Mueni akasema hata nyani watamwambia imepita kwao. Lakini alfajiri ya Jumamosi aliamka kabla yake, akampikia chapati, akamchua goti kwa dawa, na kumkumbusha Mwinyihaji aliyekuwa akisubiri mlangoni kwamba anamkabidhi mume mzima.

Mwinyihaji alikuwa na shemeji yake chini ya milima ya Shimba, mama mmoja aitwaye Mbeyu, aliyeishi kwa kukata milala ya kusukia mikeka na kwa hiyo aliijua nyika ile vizuri. Walikwenda kwa basi, kisha kwa bodaboda, hadi pikipiki zilipokataa. Mbeyu aliwapokea na panga lake kiunoni, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa. Akawaamkia wote wawili shikamoo, akauliza mgeni ni nani.

"Huyu ndiye mwenye barabara," Mwinyihaji akasema.

Mbeyu akavitazama viatu vya mwenye barabara, vile vya ngozi vilivyobandikwa soli na kung'arishwa. Akawaeleza kwamba yapo mawe ya kale yamepangwa, si mbali, upande wa kushoto baada ya lambo.

Hapo ndipo Gershom wa bandarini alipozinduka. Upande wa kulia alikuwa ameona njia pana, safi, imenyooka katikati ya vichaka kama iliyofagiliwa. Akauliza, njia kama hiyo isipokuwa ya Mwingereza itakuwa ya nani? Akashika uongozi. Njiani aliwaeleza kwa nini magurudumu ya mzinga hutaka upana ule, na namna mteremko ulivyokadiriwa, na jinsi watu wa zamani walivyofanya kazi kwa moyo, si kama wa siku hizi. Mbeyu na Mwinyihaji walimfuata nyuma wakipashana habari za ukoo, nani ameoa na nani ameolewa. Gershom alipogeuka kuhakikisha kwamba wanamsikia, mguu wake ukazama katika kitu laini chenye mvuke.

Mbeyu akakohoa kidogo. "Mzee wangu, barabara hii ni nzuri," akasema kwa upole. "Lakini wenyewe ni ndovu."

"Tembo?" Gershom akanong'ona.

"Tembo mimi sinywi, ni haramu," Mwinyihaji akasema. "Hao ni ndovu." Lakini alisema hivyo akiwa ameshageuka, naye ndiye aliyetangulia.

Walirudi kasi, wala hakuna aliyemwelekeza mwenzake. Walipofika lambo wakasimama kuvuta pumzi, na Gershom akagundua kwamba soli ya kiatu cha kulia imebaki kwa ndovu. Akamnyooshea fundi kile kiatu. Mwinyihaji akakichunguza ndani na nje, akatoa uamuzi kwamba alikibandika kwa ajili ya kanisani, hakuambiwa kinakwenda vitani. Mbeyu akachana jani la mlala, akamfungia mguu vizuri kama anayefunga mzigo.

Kutoka hapo Mbeyu alitangulia, na Gershom akafuata kimya. Walipita kando ya mashamba ya mihogo, wakainama chini ya miiba, wakateremka kwenye kijito kilichobakiza tope tu. Mbeyu akasimama. Akakwangua majani makavu kwa ubapa wa panga, akakwangua tena, akasogea pembeni.

Yalikuwa mawe. Yalikuwa yamesimamishwa wima, moja ubavuni mwa jingine, safu baada ya safu, yamebanana, yamevuka tope lile kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

Gershom alipiga magoti, goti bovu pia. Akapitisha vidole katika nyufa zilizoota kuvu. Akashika jiwe moja kwa mikono miwili, akajaribu kulitikisa, likakataa. Alikaa hivyo muda mrefu hata Mwinyihaji, asiyezoea kumwona bila maneno, akamuuliza kama anaumwa.

"Alisema kama meno," Gershom akajibu. "Nyinyi oneni wenyewe. Kama meno."

Wakamwacha. Mbeyu alijitia kukata milala iliyokuwa haijakomaa.

Baada ya hapo barabara haikuwa na shida kuifuata. Lilikuwa tuta refu lililoota nyasi, lenye mifereji kushoto na kulia, na lilikwenda sawasawa kama lililopigiwa uzi. Gershom alichechemea juu yake kwa fahari. Kisha, bila sababu ya kuonekana, tuta likakata kona, likazunguka kichaka kikubwa cha miti mirefu na minene, likaja kurudi kwenye mstari wake mbele huko. Kwa mzunguko ule barabara ilikuwa imeongezeka urefu maradufu mahali pale.

Sauti ya bandarini ikamrudia. Akawaeleza kwamba hiyo ndiyo akili ya uhandisi, bila shaka chini ya miti ile ardhi ni laini, na wataalamu walipima wakaona hatari. Aliendelea hivyo mpaka akasikia kicheko. Mwinyihaji alikuwa ameketi chini, amejishika mbavu, machozi yanamtoka.

Alipoweza kusema, akawasimulia. Kwao ilikuwapo hadithi ambayo hakuwahi kuiamini sana. Babu yake, kijana wakati huo, alikamatwa na askari awaonyeshe njia. Walipofika mahali fulani aliona mstari wao unakwenda moja kwa moja hadi penye makaburi ya wazee. Akamwambia mkubwa wao, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba chini ya miti ile pana ziwa lisilo na mwisho, na kwamba mwaka uliopita lilimeza kundi zima la ng'ombe na mchungaji wao. Yule mkubwa akavuta kiko, akaitazama miti, akaamuru wazunguke.

"Hakuna ziwa," Mbeyu akathibitisha. "Ni makaburi. Sisi huingia humo miguu peku mpaka leo."

Mwinyihaji akaanza kucheka tena, lakini Gershom alikuwa ameigeukia ile kona. Aliitazama yote, mwanzo mpaka mwisho: miti mingapi ilikatwa pale, udongo kiasi gani ulipandishwa kwa karai, na nani aliyeubeba, kwa tumbo gani.

"Kwa hiyo babu yako alidanganya," akasema, "na babu yangu akabeba mawe."

Kicheko kikakatika. Mwinyihaji alichukua jani, akalikunja, akalikunjua.

"Ndivyo," akasema. "Nimeisikia hadithi hii tangu mtoto. Upande wa mawe sikuwahi kuufikiria."

Gershom akamuuliza Mbeyu ingekuwaje kama barabara ingepita katikati. Mbeyu akajibu kwamba wasingekuwa na mahali pa kuwatajia wazee wao majina, basi. Gershom akatikisa kichwa taratibu, akaivua ile helmeti ambayo Mueni alikuwa amemsihi aiache nyumbani, akaiweka kwapani. Akasimama hivyo akiikabili miti. Mwinyihaji akanyanyua mikono, akasoma fatiha ya chini chini. Alipomaliza kujipangusa uso, Gershom akamgeukia.

"Lakini angedanganya kidogo. Angesema kijiziwa. Ona vile wamezunguka!"

"Babu yangu hakuwa mtu wa uongo mdogo," Mwinyihaji akasema, na safari hii wote wawili walicheka, na Mbeyu pamoja nao, hadi ndege wakaruka mitini.

Kurudi haikuwa rahisi. Goti la Gershom lilivimba likakataa amri, na bodaboda iliyopatikana ilikuwa moja. Wakapanda mshikaki, Gershom katikati, Mwinyihaji akimshikilia kwa nyuma kama gunia la nazi, helmeti kichwani mwa dereva aliyeitaka kwa usalama wake. Njia nzima Gershom alimwelekeza dereva.

Mueni aliwaona wakishuka, akauliza kwanza soli iko wapi. Kisha akamkalisha mumewe, akamletea maji ya moto ya kukanda, akasikiliza yote, mawe, makaburi na ziwa. Hakumkatiza. Mwisho akauliza swali moja tu: hao watu walikuwa wakila nini kule?

Nzia hakuwahi kulisema hilo, au bibi yake Gershom hakulikumbuka. Mueni akamwambia kwamba nduguye bibi yake naye alichukuliwa katika vita hivyo hivyo, na hakurudi. Gershom alishangaa, walikuwa wamekaa pamoja maisha yao yote na hajawahi kulisikia. Mueni akasema hakuna cha kusikia. Kwao hakurudi mtu wa kusimulia, kwa hiyo hapakuwa na hadithi, palikuwa na jina tu.

Habari za fidia zilikufa polepole mtaani, na yule jamaa wa uchochoroni akayajengea mawe yake banda la kuku. Gershom alipoweza tena kutembea, Mueni alitangaza kwamba yeye naye anataka kwenda kuyaona mawe, na hakuomba ushauri wa njia. Walikwenda watatu, pamoja na Mwinyihaji. Mueni alibeba sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe kama yapikwavyo kwao, ameifunga kwa kanga isipoe. Pale kijitoni Gershom akaanza kuwaonyesha mahali pazuri pa kukaa, lakini Mbeyu alikuwa ameshatandika mkeka juu ya mawe na wanawake wawili wameshaketi, wanazungumzia bei ya milala na ubovu wa magoti ya waume.

Mueni alilitaja jina la nduguye bibi yake mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Halafu akapakua. Mwinyihaji akaonja, akatafuna sana, akasema chakula ni kizuri, ila kimekosa nazi.

Mueni akamwambia kwamba waliobeba mawe haya hawakuletewa nazi.

Mwinyihaji akaitazama sahani yake, akala mpaka akaimaliza, kisha akainyoosha aongezwe.